Ufunguo wa Mama Kufuli

"Kwani wewe hutamani kuchungulia, hata kidogo tu?"

Swali hilo nilimuuliza Mama Kufuli nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimeshika kifundo cha mguu cha mdogo wangu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kuku asikimbie. Alisema, "Shika mguu." Nikashika mguu.

Mama Kufuli ni tabibu wa meno. Chumba chake kiko mwisho wa korido ya chini ya hospitali kubwa, ukishapita dobi na ile milango miwili isiyofunguliwa. Ukifika huko utasikia kwanza mashine ya kufyonza mate ikikohoa, kisha sauti yake ikimwambia mtu mzima mwenye ndevu, "Baba, jino lako nimeshalitoa, hiyo kelele unampigia nani?" Ni mfupi. Ana kiboksi cha mbao anachopanda ili awafikie wagonjwa warefu, na hainami kukishika. Anakisukuma kwa kisigino kutoka chini ya kiti, anakipanda, akimaliza anakirudisha kwa teke. Mikono yake ni midogo kuliko yangu. Anasema Mungu alimnyima kimo akampa mikono inayoingia vinywani mwa watoto bila kugonga mlango.

Hakuanza na meno. Alianza palepale dobi, akikunja mashuka ya wodini. Siku moja tabibu wa zamani alitoka koridoni jasho linamtiririka, akaita mtu yeyote aje ashike kichwa cha mtoto aliyekuwa akipiga mayowe. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alikishika kile kichwa, akaanza kumsimulia mtoto habari za shuka lililopotea kwenye mashine ya kufulia likatoka soksi. Mtoto akanyamaza asikilize, jino likatoka. "Tangu siku hiyo," anasema, "mashuka yakanikosa." Chuo alikwenda akiwa na miaka thelathini, mimba ya mtoto wa tatu tumboni, akikaa mstari wa nyuma kwa sababu kiti cha mbele hakikumtosha yeye na tumbo lake.

Na jina la Kufuli lilitoka wapi? Kila anayeng'olewa jino lazima aume kitambaa laini kilichokunjwa, ambacho sisi sote tunakiita pamba ingawa si pamba. Akikuwekea pale penye shimo, anasema, "Funga kufuli!" Unauma. Kisha anatoa mfukoni ufunguo wa shaba, mzee, wa kabati lililoliwa na mchwa kabla mimi sijazaliwa, anauweka shavuni kwako, anauzungusha. "Kri! Imefungwa. Ufunguo ninao mimi." Nimemwona akimfungia dereva wa lori mwenye shingo kama gogo, na dereva akakaa kimya kwenye benchi nusu saa, mikono magotini, kama mtoto wa chekechea.

Maana ya mchezo wote huo ni moja tu. Damu ikishaanza kuganda kwenye shimo la jino, inaweka kifuniko. Ukitoa pamba kuangalia kama imekoma, unakiondoa kifuniko na pamba yako. Unaangalia kama mlango umefungwa kwa kuufungua.

Hilo ningelijua mapema, nisingekuwa na la kuandika.

*

Mdogo wangu tunamwita Jenerali. Alizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Akiwa na miezi miwili na nusu alipasuliwa ili nyongo ipate njia, ikapata, lakini njia yenyewe ilikuwa ya panya. Ini likaendelea kuchakaa kidogo kidogo. Macho yake yalikuwa manjano, tumbo limetangulia mbele, miguu miembamba, na meno yake yalikuwa ya kijani. Si uchafu. Ile nyongo iliyokosa pa kwenda iliingia kwenye damu, na damu ndiyo iliyojenga meno yake yangali ndani ya fizi, kwa hiyo yalipotoka yalitoka na rangi yao.

Siku yake ya kwanza chekechea watoto walimzunguka. "Mbuzi! Kala majani!"

Akawaangalia, mikono kiunoni. "Hamjui jeshi nyinyi? Jeshi zima linavaa kijani."

Kuanzia hapo akawa Jenerali, na wale waliomwita mbuzi wakaomba vyeo.

Alipotimiza miaka sita, daktari bingwa wa ini, mtu mrefu anayetembea haraka kama anafukuzwa na maneno yake mwenyewe, aliwaita baba na mama. Ini la Jenerali lilikuwa limefika mwisho. Timu ya madaktari wapasuaji wageni ilikuwa inakuja baada ya wiki tatu, na ingekaa siku chache tu. Kipande cha ini la baba kingekatwa na kupandikizwa kwa Jenerali. Nafasi za watoto wadogo zilikuwa mbili. Watoto kwenye orodha walikuwa watatu.

"Kuna karatasi moja," bingwa alisema. "Ya kinywa. Akishapata ini jipya tutampa dawa za kuushusha ulinzi wa mwili, ili mwili usilikatae. Ulinzi ukishuka, jino bovu moja linatosha kuingiza wadudu kwenye damu. Tabibu wa meno akisaini kwamba kinywa ni safi, siku kumi kabla, tunaendelea. Asiposaini, nafasi inakwenda kwa anayefuata."

Baba alicheka kwa pumzi. "Ini linanishughulisha, mnaniambia habari za meno?"

Ndivyo tulivyofika mwisho wa ile korido.

Mama Kufuli alisukuma kiboksi, akapanda, akaangalia. Hakusema "loo" wala "maskini". Aliangalia jino moja baada ya jingine kama mtu anayesoma barua ndefu. Nyuma, chini, kulia na kushoto, magego mawili ya utoto yalikuwa yameoza hadi ndani, na chini ya lile la kushoto fizi ilikuwa na kijipu chenye kichwa cheupe.

"Anapiga mswaki?" aliuliza.

"Kila siku," mama alisema. "Asubuhi na jioni."

Mama Kufuli akamgeukia mgonjwa. "Jenerali, mswaki wako una rangi gani?"

"Sina," alisema Jenerali.

Mama aliangalia sakafu. Nilitamani sakafu ipasuke tuingie sote. Kisha mama akaanza kusema haraka haraka, kwamba ule mswaki aliutupa, miezi saba sasa, kwa sababu kila ukigusa fizi damu inatoka, na daktari alisema damu ya huyu mtoto haigandi vizuri, na yeye kama mama afanye nini, amsugue mtoto mpaka damu imwishe?

Mama Kufuli alishuka kwenye kiboksi ili wawe kimo kimoja. "Sikiliza, mama. Ungekuwa mjinga usingeogopa damu. Umeogopa kwa akili. Lakini fizi haitoki damu kwa sababu unaisugua. Inatoka kwa sababu ina uchafu, imevimba. Ukiacha, inavimba zaidi, inatoka zaidi, na wewe unaacha zaidi. Mswaki laini, mkono mwepesi, na ukiona damu, hapo ndipo pa kurudia kesho. Na dawa yake ya usiku ni ya maji?"

"Ya maji. Tamu. Bila ule utamu hainywi. Nampa akishalala nusu, ndiyo inashuka."

"Halafu inalala naye, kwenye meno, mpaka asubuhi."

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya khanga yake. Miaka sita alikuwa akiamka kila usiku kumpa mtoto dawa ya ini, hakukosa hata siku moja. Hakuna aliyewahi kumwambia habari ya sukari.

Baba ndiye aliyepasuka. "Basi yang'oe! Meno ya utoto hayo, dada, yangedondoka yenyewe! Ng'oa leo, saini, tuondoke."

"Mtoto mwenye ini zima ningemng'oa huku naimba," alisema Mama Kufuli. "Huyu simgusi mpaka nione karatasi ya damu yake. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, baba. La kwake limechoka kutengeneza. Nikiharakisha, nitakusainia karatasi ya mtoto ambaye hatahitaji ini."

Baba alikaa. Sijawahi kumwona akikaa haraka vile.

*

Karatasi ya damu ilirudi mbaya. Wakampa sindano za vitamini, wakasubiri siku tatu, ikarudi mbaya kidogo. Siku zilikuwa zinakimbia. Bingwa na Mama Kufuli walizungumza koridoni, bingwa ameinamisha shingo, mwenzake ameinua kidevu, wakakubaliana: Jumanne, siku ya mwisho iliyobaki. Mtoto atundikiwe kwanza mfuko wa yale maji ya damu ya rangi ya njano yanayosaidia kugandisha, kisha ang'olewe, jino moja kwanza. Damu ikikoma, la pili.

Jumanne hiyo baba alikuwa ghorofa ya tatu akifanyiwa vipimo vyake vya mwisho. Mama aliingia nasi, lakini Jenerali alisema anamtaka dada, maana dada haombi dua kwa sauti. Basi tukawa wanne pale ndani na nesi mmoja mrefu mwenye viatu vinavyolia nyii, nyii.

Mama Kufuli alimfungua Jenerali kifungo cha juu cha shati. Nikadhani ni joto.

Jino la kulia lilitoka saa tatu asubuhi. Ganzi, koleo, kisifongo kidogo kinachoyeyuka chenyewe ndani ya shimo, uzi mmoja, pamba iliyochovywa dawa. Kri! Nusu saa kwa saa ya ukutani. Alipofungua, shimo lilikuwa kimya. Nikapumua. Mama akaona lile jino kwenye kisahani, kijani, na mzizi wake mwekundu, akashika ukuta. Nesi akamtoa nje kwenye benchi.

La kushoto, lile lenye kijipu, lilitoka saa nne kamili. Hilo halikuwa kama mwenzake. Damu ilikuja kwanza na usaha, kisha ikaja peke yake, na haikuwa na nia ya kukoma. Mama Kufuli akashona nyuzi mbili. Akachovya pamba. "Funga kufuli, Jenerali. Jeshi lote langoni." Kri! Nesi akatumwa mbio kuleta mfuko wa pili. Viatu vikalia nyii, nyii koridoni hadi visisikike.

Tukabaki watatu na ile saa.

Hapo ndipo nilipouliza lile swali. Kwa sababu yeye alikuwa ametulia mno. Amesimama juu ya kiboksi chake, kidole kimoja shavuni mwa Jenerali, anatazama mbele kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kila baada ya muda alisema, "Jenerali, askari wangapi?" na Jenerali akainua vidole, vitatu, vitano, vinne. Mimi nilikuwa naungua. Chini ya ile pamba kulikuwa na jibu. Ama damu imekoma na ini la baba linakuja, ama haijakoma. Jibu lilikuwa sentimita mbili kutoka kwangu na hakuna aliyekuwa anaangalia!

"Kwani wewe hutamani kuchungulia, hata kidogo tu?"

"Shika mguu."

Dakika ya kumi na moja alishuka aende kwenye beseni kuchovya pamba nyingine. Aligeuka. Ilikuwa kama kupepesa macho.

"Jenerali," nilinong'ona, "fungua kidogo nione."

Jenerali hakuwahi kutii mtu duniani isipokuwa mimi. Akafungua. Nikainua pembe ya pamba kwa ncha ya kidole.

Pamba ilikuja na kitu. Kitu cheusi chekundu, laini, kama konokono aliyetolewa kwenye gamba lake. Kwa nukta moja niliona shimo safi kabisa, la waridi. Kisha likajaa.

Sikupiga kelele. Lakini Mama Kufuli alisikia jinsi nilivyonyamaza, maana kisigino chake kiligonga kiboksi kabla sijamwita. Alipanda, mashine ikakohoa, pamba mpya ikaingia, kidole chake kikafuata juu yake, akabana. Damu ilikuwa imefika kidevuni mwa Jenerali na kwenye kola ya shati.

"Saa ngapi?" aliniuliza.

Nilikuwa nalia.

"Kulia utalia baadaye. Foleni ya kulia ni ndefu, na mama yako yuko mbele yako. Saa ngapi?"

"Saa nne... na robo."

"Sema kwa nguvu, na Jenerali asikie."

"Saa nne na robo!"

"Basi ndiyo tumeanza. Yale ya kwanza tuyasahau. Safari hii dakika arobaini, mpaka saa tano kasoro dakika tano." Akajipapasa mfuko wa koti kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kinywani. Akatoa ule ufunguo. "Shika."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Mwizi mzuri ndiye mlinzi mzuri, anajua dirisha lilipo. Kabla ya wakati huo hafungui mtu. Hata mimi nikikuomba, uninyime."

Ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wake. Niliukunja kiganjani mpaka meno yake yakaniingia kwenye ngozi.

"Askari wangapi, Jenerali?"

Vidole viwili.

Nesi alirudi na mfuko, akautundika, akaona kola ya shati, akaniangalia mimi, akaangalia ufunguo. Mama Kufuli akatikisa kichwa kidogo tu, maana yake *usiulize*.

Sijui kama umewahi kuitazama saa ya ukutani kwa dakika arobaini. Mshale mkubwa hautembei. Unasimama, halafu ukipepesa unakuta umeruka, kama mtoto anayekuibia. Kidole cha Mama Kufuli kilianza kuwa cheupe kwenye kiungo, kisha cha rangi ya majivu. Jasho lilimshuka sikioni na hakulifuta. Nje nilimsikia mama akisema, "Ya Rabi, ya Rabi," taratibu, kama anapiga mswaki.

Saa tano kasoro dakika kumi na tatu mlango ulifunguliwa. Bingwa wa ini, na tochi mkononi, simu mkono wa pili.

"Wageni wanataka jibu saa tano kamili. Mama wa yule mtoto mwingine yuko ofisini kwangu, amekaa, ananiangalia. Imekoma?"

"Bado tumefunga," alisema Mama Kufuli.

"Hebu nione mara moja." Alikuwa ameshawasha tochi, ameshainama. Mkono wake ulikuwa njiani.

"Daktari," alisema Mama Kufuli, bila kugeuza kichwa, "muulize mwenye ufunguo."

Bingwa akaniangalia. Alikuwa mrefu kama mlango. Nilifumbua kiganja, nikamwonyesha ufunguo, kisha nikakifumba.

"Bado dakika nane," nilisema.

"Binti, huyu ni mgonjwa wangu."

"Ni mdogo wangu mimi. Bado dakika nane. Sasa saba."

Nesi alikohoa, lakini nadhani kilikuwa kicheko. Bingwa alisimama pale, tochi inawaka inamulika viatu vyake. Kisha akaizima. Akaegemea ukuta, mtu mzima na shahada zake zote, akaungana nasi kuitazama saa.

"Askari wangapi?" aliuliza Mama Kufuli.

Vidole vinne. Vidole vitatu. Vidole kumi vyote, akionyesha ubabe.

Saa tano kasoro dakika tano nilipanda kiboksi upande wangu, nikaweka ufunguo shavuni mwa Jenerali. Ukamkwaruza. "Kri," nilisema, na sauti ikatoka kama ya chura. Mama Kufuli alitoa kidole. Kisha pamba, polepole, akiilowesha kwanza isishike. Hakunizuia kutazama, ila mimi nilifumba macho.

"Fumbua," alisema. "Si ulitaka kuona?"

Shimo lilikuwa na kifuniko chake, cheusi, kimekaa sawasawa. Hakuna kilichosogea.

Bingwa akatoa karatasi. Mama Kufuli akachukua kalamu ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Kidole chake kilikuwa kimekufa ganzi, hakikunji. Akasaini kwa mkono wa kushoto, saini iliyopinda kama njia ya mlevi, na bingwa akaitazama akasema, "Hii watakubali?" Naye akasema, "Mwambie asiyekubali aje nimfungie kufuli."

*

Ini la baba lilikubali kukaa. Baba ana kovu kubwa tumboni, na wakigombana anasema, "Mtoto nimempa ini, hata maji ya kunywa haniletei," na Jenerali anajibu, "Lakini nalitunza, hulioni?" Yule mtoto wa tatu alipata nafasi mwaka uliofuata, timu ilipokuja tena. Hilo nilimuuliza bingwa mwenyewe, kwa sababu sikulala vizuri kabla ya kulijua.

Mama Kufuli hakuwahi kumwambia mtu nilichofanya. Mama yangu mpaka leo anaamini lile jino lilikuwa baya tu. Sasa atasoma hapa.

Tuliendelea kwenda kule mwisho wa korido kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu moja ya dawa mpya za Jenerali ilipenda kuvimbisha fizi, na hiyo nayo ilitaka mswaki zaidi. Mama alikuwa amenunua miswaki laini minne, mmoja wa kila chumba, utafikiri tunatarajia wageni wa meno. Dawa ya maji ikahamishwa baada ya chakula cha jioni, maji ya kusukutua, mswaki, kulala. Kila nikiingia pale nilirudia swali langu, na kila mara Mama Kufuli alisema, "Swali lako liko kwenye foleni."

Mwezi uliopita Jenerali, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na sauti isiyojua iende juu au chini, aliota gego jipya la nyuma. Meno yake ya mbele ni ya kijani bado, maana yalijengwa zamani. Mama Kufuli alipiga teke kiboksi, akapanda, akamulika lile gego. Kisha akaniita.

"Njoo. Hapa unaruhusiwa kuchungulia."

Gego lilikuwa na rangi mbili. Juu, kwenye vilele, kijani. Chini, kuelekea fizi, jeupe. Katikati kulikuwa na mstari, mwembamba, umenyooka kama ulichorwa na rula.

"Jino hujengwa kuanzia juu kushuka," alisema. "Miaka inapita, linashuka. Sasa huu mstari unaujua?"

Nilihesabu. "Ni ile wiki."

"Ni ini la baba yako, siku lilipobisha hodi."

Jenerali, kinywa wazi, alisema kitu kama, "Ha-hee-aa," ambacho kilimaanisha anataka kioo. Alipoletewa alijitazama muda mrefu, mtu asiyekuwa na mzaha hata mmoja. Nami, sijui kwa nini siku hiyo, machozi yalinijia, nikasema kwamba ule mstari nusura usiwepo, na kwamba ni mimi, na kwamba yeye alisimama pale juu ya kiboksi dakika zote zile bila kutamani hata kidogo kuangalia, na mimi nikashindwa dakika kumi na moja.

Mama Kufuli alizima taa ya kiti.

"Nani aliyekudanganya kwamba mimi sikuwa nachungulia?" alisema. "Nilichungulia mwanzo mpaka mwisho. Ila pamba haina habari, mwanangu. Pamba inaweza kuwa nyeupe na damu inapita nyuma, anaimeza. Na mtoto mwenye ini bovu akimeza damu nyingi, inageuka sumu tumboni, sumu inapanda kichwani, anaanza kusinzia mbele yako, hata vidole hajui kuhesabu. Mimi nilikuwa nachungulia koo. Unadhani kifungo cha shati nilimfungulia joto? Alimeza mara tatu tu. Ya tatu ni pale bingwa alipoingia na tochi yake."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Miaka sita!"

"Ningekwambia siku ile, ungemkodolea macho kooni, na mtu akikodolewa macho kooni hufanya nini?"

Sote wawili tukamgeukia Jenerali. Jenerali, kioo mkononi, akameza mate.

"Umeona?" alisema Mama Kufuli.